Kukata Neno Refu: Skis-to-so-mi-a-si

Wanafunzi, yako maneno ambayo mtu akiyaona ubaoni au kitabuni hushikwa na woga. Huanza kusoma, hufika katikati, huona ulimi umefungwa. Kisha huliruka neno lile na kwenda mbele. Kuruka neno katika hadithi ni hasara ndogo. Lakini kuruka neno lililoandikwa katika cheti cha mgonjwa, au katika tangazo la zahanati, kwaweza kuwa hasara kubwa, maana pengine neno lile ndilo jina la maradhi yaliyo mwilini mwako mwenyewe.

Leo tutajifunza neno moja la namna hiyo. Neno lenyewe ni hili: SKISTOSOMIASI. Lina herufi 13. Ni jina la kitabibu la ugonjwa mmoja ujulikanao sana katika nchi ya Usukuma, na katika sehemu nyingine nyingi za Tanzania. Ugonjwa huo unalo jina jingine pia, fupi na jepesi, ambalo bila shaka mmekwisha kulisikia nyumbani. Nalo tutalikuta mbele ya somo. Kwanza tujifunze kulikata neno refu, tulitamke sawasawa, kisha tujue maana yake na faida ya kulijua.

1. SILABI NI NINI

Silabi ni kipande cha neno kitamkwacho kwa pigo moja la sauti. Mtu akiita kwa mbali, silabi husikika wazi. Simama upande mmoja wa shamba, umwite mwenzako aliye upande wa pili, nawe utasikia jinsi jina lake linavyogawanyika lenyewe. Hali kadhalika jina la mahali. Ukiliita jina la Malampaka kwa sauti kuu, utasema: Ma-la-mpa-ka. Hayo ni mapigo manne. Basi neno hilo lina silabi nne. Ukipiga kofi moja kwa kila pigo, mikono yako itahesabu pamoja na masikio yako.

Reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, iliyofika Mwanza mwaka 1928, hupita Malampaka. Basi na tuyatumie majina ya njia hiyo, pamoja na majina mengine ya mkoa wa Simiyu na ya jirani zake, ili tupate kanuni tano za kukata maneno.

Kanuni ya kwanza. Kila silabi ina irabu moja. Irabu zetu ni tano: a, e, i, o, u. Ukitaka kujua neno lina silabi ngapi, hesabu irabu zake. Simiyu lina irabu tatu, basi lina silabi tatu: Si-mi-yu. Ila herufi m mara nyingine husimama silabi peke yake pasipo irabu, kama katika m-tu na m-ti.

Kanuni ya pili. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na konsonanti hutangulia irabu yake. Konsonanti ikifuatwa na w au y, hushikamana nayo: Ma-swa, Ma-lya. Herufi m na n nazo mara nyingi hushikamana na konsonanti inayozifuata, zikatamkwa pamoja: Mwa-nza, Shi-nya-nga, Ma-la-mpa-ka.

Kanuni ya tatu. Irabu mbili zikikutana, kila moja hukaa katika silabi yake. Tazama jina la mji mkuu wa mkoa wetu: Ba-ri-a-di. Herufi i na herufi a zimekaa jirani, lakini kila moja ina nyumba yake. Vivyo hivyo chumba cha kupimia maradhi: ma-a-ba-ra.

Kanuni ya nne. Maneno mengine, hasa yale tuliyoyapokea kutoka lugha za kigeni, yana silabi zinazoishia kwa konsonanti. Silabi hizo huitwa silabi funge, kwa kuwa mlango wake umefungwa: dak-ta-ri, mak-ta-ba, hos-pi-ta-li.

Kanuni ya tano. Katika Kiswahili mkazo wa sauti huangukia silabi iliyo ya pili kutoka mwisho. Twasema Ma-la-MPA-ka, Ba-ri-A-di, dak-TA-ri, hos-pi-TA-li. Neno likiwa na silabi mbili au kumi, kanuni ni ile ile. Yako maneno machache ya kigeni yasiyoifuata, lakini hayo hayatuhusu leo.

Mwenye kuzishika kanuni hizi tano hana sababu ya kuogopa urefu wa neno.

2. TUKATE NENO LETU

Sasa lete neno: SKISTOSOMIASI. Tuhesabu irabu zake: i, o, o, i, a, i. Ni sita. Basi tunatazamia silabi sita.

Silabi ya kwanza ni skis. Hii ni silabi funge, kama dak katika daktari. Silabi ya pili ni to. Ya tatu ni so. Ya nne ni mi. Ya tano ni a, iliyosimama peke yake, kama ilivyosimama katika Bariadi. Ya sita ni si. Tuziandike zote pamoja:

skis – to – so – mi – a – si

Mkazo uko wapi? Ni juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, yaani a: skis-to-so-mi-A-si. Ukitaka kulikumbuka pigo lake, lisome pamoja na jina la mji: Ba-ri-A-di, so-mi-A-si. Yana mwendo mmoja.

Msomaji asijaribu kulimeza neno zima mara moja. Aseme kwanza silabi mbili: skis-to. Apumzike. Aseme mbili nyingine: so-mi. Apumzike. Aseme mbili za mwisho: a-si. Akisha kuyasema mafungu haya matatu bila kosa, ayaunganishe pole pole, kisha kwa mwendo wa kawaida. Haba na haba hujaza kibaba.

3. MAKOSA YA KUJIHADHARI NAYO

Kosa la kwanza ni kuongeza irabu. Lugha zetu hupenda silabi zilizo wazi, na ulimi uliozoea silabi hizo hutafuta irabu hata mahali pasipo nayo. Kwa hiyo wengine husema si-ki-si-to-so-mi-a-si, na neno lenye silabi sita likawa na silabi nane. Dawa ya kosa hili ni kufanya zoezi kwa s peke yake. Vuta sauti ya s, kama maji yamwagikayo juu ya jiwe la moto: sss. Kisha uigonganishe na ki bila kufungua mdomo katikati: sss-ki, ski. Baadaye funga kwa s nyingine: skis.

Kosa la pili ni kuingiza y baina ya i na a. Wengine husema so-mi-ya-si, kama vile wengine wanavyosema Ba-ri-ya-di. Irabu hizo mbili zapasa kukutana pasipo mgeni kati yao.

Kosa la tatu ni kukata neno mahali pa uongo kwa sababu jicho limeona neno linalolifahamu. Mtoto mmoja huona so-mi-a akadhani ndani yake mna mia, yaani hesabu ya 100, akasoma: skisto-so-mia-si. Mwingine huona asi mwishoni, akadhani habari ni ya watu walioasi. Jicho lenye haraka hudanganya. Hesabu silabi kwanza, ndipo utafute maana.

4. KISU CHA PILI: KUKATA KWA MAANA

Mpaka sasa tumelikata neno kwa ajili ya mdomo. Lakini neno laweza kukatwa kwa njia ya pili, yaani kwa ajili ya akili. Na vipande vya akili si lazima viwe sawa na vipande vya mdomo.

Tazama neno letu wenyewe, msomi. Kwa mdomo twalikata hivi: m-so-mi. Kwa maana twalikata hivi: m + som + i. Herufi m ya mwanzo yatuambia kuwa habari ni ya mtu. Som ni shina la kitendo cha kusoma. Na i ya mwisho humfanya awe mwenye kutenda. Katika mdomo, herufi m ya pili imekwenda pamoja na i, ikawa mi. Katika maana, m hiyo ni mali ya shina som. Visu viwili hupita mahali pawili, wala havigombani.

Basi tufanye vivyo hivyo kwa neno geni. Vipande vyake vya maana ni vitatu: skisto + som + iasi. Vyote vimetoka katika Kigiriki cha kale, lugha ambayo wataalamu wa Ulaya waliitumia sana kuundia majina ya elimu.

Skisto maana yake ni iliyopasuka.

Som ni ufupisho wa soma. Lakini angalieni sana! Soma hii si soma yetu ya kitabu. Katika Kigiriki soma maana yake ni mwili. Maneno mawili yamefanana sura kwa bahati, kama watu wawili wasio ndugu wanavyoweza kufanana uso.

Iasi ni mwisho wa majina mengi ya magonjwa. Ukiuona mwisho huu katika neno la kitabibu, jua kwamba huenda unasoma jina la ugonjwa.

Basi skistosoma ni mwenye mwili uliopasuka, na skistosomiasi ni ugonjwa uletwao na huyo mwenye mwili uliopasuka. Naye ni nani? Ni mnyoo mdogo, urefu wake yapata sentimita 1 au 2. Mnyoo dume ana mfereji katika urefu wa mwili wake, mtu akimtazama hudhani amepasuliwa. Na ndani ya mfereji huo hukaa mnyoo jike. Jina la Schistosoma lilitolewa na Weinland mwaka 1858. Waingereza wengine hutamka mwanzo wake shis, wengine skis. Sisi twachukua skis, kwa kuwa imekaribia zaidi Kigiriki chenyewe.

Mnyoo huo ulikuwa umegunduliwa mapema kidogo, mwaka 1851, na daktari Mjerumani aitwaye Theodor Bilharz, alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Cairo, nchi ya Misri. Ndiyo sababu ugonjwa huu huitwa pia bilhazia: bil-ha-zi-a. Kwa hiyo jina moja limetokana na sura ya mnyoo, na jina la pili limetokana na mtu aliyeuona.

5. NDUGU WA NENO HILI

Mwenye kujua vipande vya neno moja amejua nusu ya maneno mengine. Hebu tazama neno hili: TRIPANOSOMIASI. Kwa mdomo: tri-pa-no-so-mi-a-si, silabi saba. Ulimi uliozoea Kisukuma uangalie herufi r hapo mwanzo, isije ikageuka l. Kwa maana: tripano + som + iasi. Vipande viwili vya mwisho mnavijua tayari. Tripano ni keekee, chombo cha seremala cha kutobolea mbao. Basi ni ugonjwa uletwao na kidudu chenye mwili kama keekee, kwa sababu kinapokwenda katika damu hujizungusha kama keekee ndani ya mti. Ugonjwa huo kwa Kiswahili ni malale, nao huenezwa na mbung'o. Wilaya ya Maswa yenyewe iliingia katika historia ya ugonjwa huu, kwa maana mwaka 1922 malale yalionekana huko.

Wala msidhani kwamba maneno magumu ya kitabibu hutoka Ulaya tu. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo katika nchi ya Wamakonde, kusini ya Tanganyika, upande wa Newala. Wagonjwa walikunjamana kwa maumivu, na Wamakonde wakauita kwa neno la lugha yao lenye maana ya kukunjamana: chikungunya. Leo madaktari wa Asia, Ulaya na Marekani hulitumia neno hilo hilo, na wengi wao hutatizika kulitamka. Kwetu halina taabu: chi-ku-NGU-nya. Irabu nne, silabi nne, mkazo juu ya ya pili kutoka mwisho. Kumbe hakuna neno gumu kwa asili yake. Neno ni gumu kwa yule asiyejua mahali pa kulikata.

6. UGONJWA WENYEWE

Sasa turudi kwenye neno letu la kwanza, maana kulitamka tu hakutoshi. Kasuku naye aweza kufundishwa kutamka.

Skistosomiasi ndiyo kichocho. Ki-cho-cho: silabi tatu, na kila mtoto wa Usukuma aweza kuisema. Iko kichocho cha kibofu, ambayo dalili yake kubwa ni damu katika mkojo, pamoja na maumivu wakati wa kukojoa. Iko pia kichocho cha matumbo, inayoonekana sana kwa watu wakaao kandokando ya Ziwa Victoria. Sehemu za bara zilizo mbali na ziwa, zenye malambo, mabwawa na majaruba ya mpunga, hasa ni mahali pa kichocho cha kibofu.

Njia yake ni hii. Mgonjwa akikojoa majini, au akienda choo karibu na maji, mayai ya mnyoo huingia majini. Kila yai huanguliwa, na kijidudu kinachotoka humtafuta konokono wa majini. Kisipompata kwa muda wa siku moja hivi, hufa. Kikimpata, huingia ndani yake, na baada ya majuma kadhaa hutoka vijidudu vingi vya namna nyingine, vyenye mkia, navyo huogelea vikimtafuta mtu. Mtoto akiingia majini kuoga, kuvua samaki au kunywesha ng'ombe, vijidudu hivyo hupenya ngozi yake kwa dakika chache tu, wala hahitaji kuwa na jeraha. Vikifika ndani huwa minyoo kamili, hukaa katika mishipa ya damu, na minyoo hiyo huweza kuishi miaka kadhaa ikitaga mayai. Mayai ndiyo yanayojeruhi kibofu na kuleta damu.

Ugonjwa huu ni wa kale sana. Mwaka 1910 mtaalamu Marc Armand Ruffer alieleza kwamba alikuta mayai ya mnyoo huu katika mafigo ya maiti zilizokaushwa za Misri, za yapata miaka 3,000 iliyopita. Lakini kazi ya konokono katika ugonjwa huu huko Misri haikuthibitishwa mpaka mwaka 1915, na aliyeithibitisha ni Robert Leiper. Kabla ya hapo watu walikuwa na jina la ugonjwa, walikuwa na sura ya mnyoo, lakini hawakuijua njia yake. Kwa hiyo hawakujua mahali pa kuikata.

Mtoto mwenye kichocho aweza kupungukiwa damu, kuchelewa kukua, na kushindwa kusikiliza vema darasani. Ikiachwa miaka mingi bila dawa, huweza kuharibu kibofu na mafigo, na hata kuleta saratani ya kibofu. Lakini dawa iko. Jina lake ni prazikwanteli: pra-zi-kwan-te-li. Hapo n imefunga silabi ya tatu, kwa kuwa neno ni la kigeni. Mganga au mwalimu aliyefundishwa humpa mtoto vidonge kwa kadiri ya uzito au urefu wake, naye humeza baada ya kula. Dawa huua minyoo iliyo mwilini, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena. Akirudi katika maji yale yale kwa desturi ile ile, atarudi na ugonjwa ule ule.

7. FAIDA YA KULIJUA JINA

Tuseme kuna msichana wa darasa la sita, na mdogo wake amerudi kutoka zahanati na karatasi. Babu yao amekaa chini ya mti.

Msichana akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nisomee karatasi hii. Mama yako amelisikia jina la ugonjwa wa mdogo wako, akarudi analia. Asema ni ugonjwa mpya wa kizungu usio na dawa."

Msichana akaitazama karatasi, akaweka kidole chini ya neno, akasoma pole pole: "Skis-to-so-mi-a-si. Babu, si ugonjwa mpya. Ni kichocho."

"Kichocho! Kwa nini basi kuipa jina refu namna hii?"

"Ni jina la mnyoo unaouleta, babu, wenye mwili kama uliopasuka. Waganga wa nchi zote hulitumia jina hilo, ili wasielewane vibaya."

Babu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi tulipokuwa wavulana, tulikojoa damu vilevile. Wakubwa walituambia ni dalili ya kuwa mtu mzima. Wengine walijivuna, wengine waliona aibu, wakanyamaza. Yuko mwenzangu mmoja aliyenyamaza mpaka uzee wake, naye kibofu kilimwua."

"Basi mdogo wangu hatanyamaza, babu. Karatasi yasema arudi kesho kumeza dawa."

"Mwite mama yako," akasema babu. "Umsomee kama ulivyonisomea mimi, kipande kwa kipande."

Wanafunzi, mmeona neno lililokatwa vizuri lilivyofanya kazi. Neno zima, lisilofahamika, lilimliza mama. Neno lile lile, likiisha kukatwa na kufafanuliwa, lilikuwa ugonjwa unaojulikana, wenye dawa inayojulikana. Katika sehemu nyingi za Afrika watu walidhani kwamba mkojo wa damu ni jambo la kawaida kwa mvulana akuaye. Si kweli. Ni ugonjwa kwa mvulana na kwa msichana pia, wala si aibu kwa yeyote. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Kwa hiyo, ukiona damu katika mkojo wako, usimfiche mzazi wala mwalimu. Nenda zahanati useme wazi, "Nakojoa damu." Mganga atakuomba mkojo katika chombo safi. Mayai ya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kwa hiyo usishangae akikuambia uulete wakati huo. Katika maabara watautazama kwa hadubini, kioo kinachokuza vitu vidogo, wapate kuyaona mayai. Na mkiwa lamboni, msikojoe wala kwenda choo majini au kando yake. Tumieni choo cha shimo. Mtu mmoja asiyechafua maji huwakinga watoto wengi wasiomjua.

MAZOEZI

1. Soma maneno haya kwa sauti, ukipiga kofi kwa kila silabi: Malampaka, Maswa, Bariadi, Mwanza, daktari, zahanati, maabara, hadubini.

2. Kata neno malaria kwa silabi. Lina silabi ngapi? Mkazo uko wapi? Neno hili limetoka katika Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Eleza kwa nini jina hilo halitupi sababu ya kweli ya homa ya malaria.

3. Andika neno skistosomiasi mara mbili. Mara ya kwanza likate kwa silabi; mara ya pili likate kwa maana. Herufi m imekwenda upande gani kila mara?

4. Yafuatayo ni majina ya magonjwa mengine mawili: filariasi, lishmaniasi. Yakate kwa silabi. Ni kipande gani kinachokuonyesha kwamba ni majina ya magonjwa?

5. Neno soma lina maana gani katika Kiswahili, na lina maana gani katika Kigiriki cha kale?

6. Taja makosa matatu ya kujihadhari nayo katika kulisoma neno skistosomiasi.

7. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi kichocho inavyotoka kwa mtu mmoja na kumfikia mwingine. Kisha onyesha mahali pawili ambapo sisi twaweza kuikata njia hiyo.

8. Leo jioni, msomee mtu wa nyumbani kwako neno hili refu, silabi kwa silabi, ukamweleze maana yake. Kesho uwaeleze wenzako darasani aliyokuuliza na jinsi ulivyomjibu.